Suruali ya Mlingoti

Mlingoti hajui kukaa. Mpe kiti, atakalia ukingo kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mpe kitanda, miguu itatokeza nje na kutikisika mpaka mkewe aulize kama amelala na mtu au na cherehani. Na mkewe ni fundi nguo, cherehani anazijua.

Mpira wa kikapu ulianza kumlisha kabla ndevu hazijamwota. Amechezea timu nyingi kiasi kwamba siku moja alimpigia makofi mpinzani aliyefunga, akidhani bado wako pamoja. Kisha goti likamgeuka, na timu ya sasa ikamfanya fanicha: benchi, na juu yake yeye.

Shida haikuwa benchi, ilikuwa suruali. Wachezaji wa akiba huvaa juu ya bukta suruali yenye vifungo vya kubana ubavuni, kutoka kiunoni hadi chini. Ukiitwa unavuta mara moja, prrrap, uko tayari. Mlingoti hakusubiri kuitwa. Alivuta kila kocha aliposimama.

"Wewe! Nimesimama kujinyoosha!" kocha alimfokea. "Jifunge."

Akajifunga, kifungo kimoja kimoja, wenzake wakitazama juu kwa adabu ya uongo. Kocha akakohoa. Prrrap!

Basi ikawa mchezo. "Kaka, kocha kakukonyeza," walikuwa wakimnong'oneza, halafu wanakufa kwa kicheko.

Wiki ya mechi ya mwisho, kocha alitangaza bila kupepesa macho: asiyekanyaga uwanja siku hiyo asijisumbue kurudi msimu ujao. Mlingoti hakupata usingizi tena. Alizunguka nyumba mpaka akajua vigae vyote vilivyopasuka.

"Nishonee hivi vifungo," alimwambia mkewe asubuhi ya mechi. "Kocha hanipangi kwa sababu ananiona natapatapa. Leo nataka nikae kama mtu mzima."

"Na ukiitwa?"

"Tia uzi mwembamba. Nitavuta, utakatika."

Mkewe aliguna. Mkono wake haujui kushona kitu kikafumuka. Akatia uzi wa jinzi.

Siku hiyo Mlingoti alikaa. Kocha alisimama, akakohoa, akapiga kelele, suruali kimya. Jirani yake benchini alimgusa kuhakikisha yu hai. Vidole vya miguu pekee ndivyo vilivyokuwa vikicheza ngoma ndani ya viatu.

Dakika za mwisho, mchezaji mrefu wa timu akapata faulo ya tano, akatolewa. Kocha akageuka. "Mlingoti, ingia!"

Akavuta. Kimya. Akavuta tena, uzi ukashikilia kama umeapishwa. Akaishusha suruali kutoka kiunoni, ikakwama kwenye viatu vyake, viatu ambavyo paka angezalia humo. Akarukaruka mpaka kwa mwamuzi.

"Na suruali huingii," mwamuzi akasema.

"Haivuliki!"

"Basi rudi ukakae."

Kocha alikuwa ameshamnyooshea mwingine kidole, fundi nguo aliporuka kizuizi cha mashabiki, mkasi mkononi.

"Panua miguu, baba watoto."

"Usikate soksi!"

"Tulia, basi! Hata sekunde moja tu, tulia!"

Akatulia. Krrr, krrr, suruali ikaachia viatu, uwanja ukalipuka kwa shangwe ambayo hakuna kikapu kilichoipata siku ile.

Akaingia na nyuzi zikining'inia kwenye soksi. Alirusha mpira mmoja ukapita mbali na kikapu, wa kutia aibu. Lakini wapinzani, wakiwa nyuma kwa pointi moja, walipokosa mtupo wao wa mwisho, ni yeye aliyeudaka mpira ukirudi. Aliukumbatia hata baada ya filimbi, mpaka mwamuzi akambembeleza auachie.

"Msimu ujao njoo," kocha alimwambia. "Lakini uje na bukta tu."

Nyumbani mkewe alimsogezea kiti. "Haya, kaa. Umepona."

Akakalia ukingo. Mguu ukaanza.

"Nini tena? Si umerudishwa?"

"Ndiyo," Mlingoti alisema, akishika goti lake. "Sasa wakinianzisha je?"