Jeneza Lililoingia kwa Bi Mkubwa

Mimi nna mdomo wa haraka, na tangu jumuiya yetu inikabidhi ukurasa wake wa mtandaoni, vidole vikawa na haraka kuupita mdomo. Jumuiya ni ya wanawake wanaotengeneza sabuni za mwani. Mwani wanalima wenzetu wa Chwaka. Ofisi ipo Mji Mkongwe, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Kanuni za nani aandike nini hatukuwa nazo. Mwenzetu mmoja alipotaka tuziandike, nilimwambia hayo ni mambo ya mabenki, sisi ni watu tunaojuana.

Muasisi wetu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa na homa wiki nzima. Anakaa ghorofani, kichochoro cha nyuma ya ofisi. Asubuhi moja natoka kununua mandazi, nikaona wanaume wanne wametoka msikitini na jeneza, wakaingia nalo mlango wa nyumba yake. Mtu wa hapa haulizi tena. Jeneza linakaa msikitini, likitoka limefuata maiti. Nikakaa kwenye baraza ya jirani, nalia huku naandika: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, muasisi wetu ametutoka, maziko leo baada ya sala ya alasiri. Nikaweka na picha yake. Kwetu maiti hangoji, na sikutaka wenzetu wa Chwaka wakose kumsindikiza.

Nikajifuta uso, nikaingia kutoa pole. Chini ya ngazi jeneza limelazwa ubavu, na fundi seremala anagonga msumari. Nilisahau kabisa kwamba chumba kile cha chini ni karakana yake.

"Mguu ulikuwa umelegea," akaniambia. "Wameniletea niutengeneze. Mbona unalia?"

Ningefurahi, lakini kilichonijia kwanza ni binti wa Bi Mkubwa. Ni mtoto wake wa pekee, yuko Dar es Salaam. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na daktari amemwambia alale asishtuke. Mtu aliyelazwa kitandani atafanya nini kama si kupekua simu? Hata ile homa mama yake alikuwa anamficha.

Nikafuta tangazo. Maji yakimwagika hayazoleki. Lilishasambazwa kwenye makundi, na picha juu. Nikampigia binti, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikajua anapewa pole. Nilikaa juu ya maranda ya mbao nikamuomba Mungu aninyime kazi, aninyime chochote, ila mtoto yule asipotee kwa ajili ya vidole vyangu. Sijapata kuogopa vile maishani mwangu.

Ikatoka sauti juu: "Wewe uliyenizika, hebu panda."

"Naam," nikajibu, nikapanda.

Bi Mkubwa alikuwa kitandani, simu sikioni. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nnazungumza na mwanangu. Namuuliza kama keshakunywa uji, mara ananambia, mama, naletewa pole ya kifo chako. Nikamwambia tungoje basi hiyo alasiri, tuone."

Kwenye simu nikamsikia binti anacheka. Simu ilitumika muda wote ule kwa sababu alikuwa akizungumza na maiti wangu. Nikalia upya, Alhamdulillahi, na Bi Mkubwa akanipa ncha ya kanga yake nifutie kamasi.

Adhuhuri wanawake wa Chwaka wakafika na mchele wa msiba. Bi Mkubwa alishuka mwenyewe kuwapokea, na mmoja wao akakaa chini palepale mlangoni. Mchele ulipikwa, tukaula. Kisha Bi Mkubwa akataka karatasi, akanambia niandike: habari ya kifo, ugonjwa au mimba haipandi ukurasani mpaka jamaa wa karibu akubali kwa kinywa chake. Na anayeandika asiwe yeye huyo anayetuma. Akatia sahihi, akanipa kalamu nitie yangu chini yake. Zile kanuni nilizosema ni za mabenki, leo zimebandikwa juu ya meza yangu.

Baada ya miezi miwili binti alinitumia picha ya mtoto wa kike, amefungwa kitambaa cheupe, macho yamefumba. Vidole vilinicheza. Nikamuandikia: naweza kutangaza?

"Bado," akajibu. "Bibi yake yumo kwenye boti anakuja. Anataka awe wa kwanza kumuona."

Nikaitia simu kwenye droo ya meza, nikafunga kwa ufunguo. Nikakaa ofisini mpaka jioni na habari njema kuliko zote nilizopata kuletewa, na sikumwambia mtu.