Gari la Umeme la Baba Zuhura

Hapana jamani, gari sijauza. Msinipongeze.

Leo Baba Zuhura, mkulima wa korosho wa Newala, kaja kijiweni kwetu hapa Masasi, anataka gari la umeme. Mimi dalali, nikamfungulia mawili kwenye simu.

"Hili likijaa chaji linaenda mbali zaidi. Hili liko juu, mawe hayaligusi. Chagua mzee wangu!"

Akauliza, "Lipi kiti cha nyuma kinalala kabisa?"

Na mdomo wangu huu: "Unataka kubebea magunia?"

Kijiwe kizima kikacheka.

"Nataka Mama Zuhura alale. Hospitali ya hapa Masasi wamesema nimrudishe nyumbani, hawana la kufanya tena. Na harufu ya petroli inamtapisha."

Nikashusha simu. Mzee akaendelea:

"Nikiagiza leo linafika lini?"

"Likiwahi sana, miezi miwili, baba."

"Hatufiki huko."

Akainuka, akanishukuru. Mimi!

Sasa sikia. Una gari la umeme, au unamjua mwenye nalo? Mpandishe Mama Zuhura hadi kwao Newala kesho. Msimu huu wote nakutafutia wateja wa chochote unachouza, udalali sichukui.

Nipo kijiweni. Leo sitanii.