Mlinda Lango na Posa ya Mbele ya Kamera

Siku Gitobu alipofika kibandani kwa Cicily, sokoni Gakoromone, alinyanyua mkungu wa ndizi bila kuuliza bei. Cicily akamkazia macho. Mnunuzi asiyebishana bei amekuja kutafuta kitu kingine.

"Nitachukua huu, Mama Kajuju."

"Hata bei hujauliza."

"Nakuamini, mama."

"Mimi sikuamini. Weka chini kwanza."

Alimjua. Meru nzima ilimjua: mlinda lango wa ligi kuu aliyevua glavu bila hata goti kumuuma, akarudi nyumbani kuigiza vichekesho. Alijua pia alichokifuata: Kajuju, binti yake wa pekee. Na Cicily alikuwa ameapa kwamba Kajuju haolewi na mtu aliyeacha mshahara bila sababu ya kueleweka.

Akaanza kuulizia. Bile, msafirishaji wa miraa kutoka mji wa Maua na shabiki sugu wa mpira, alimtetea. "Alikuwa kipa hodari, mama."

"Hodari ndio huuza mechi. Mbovu nani atamnunua?"

Bile akacheka, kisha akaanza kuzungumzia bei ya ndizi. Kule kubadili mada kukamzidishia Cicily shaka.

Baadaye Gitobu akamwomba Cicily boma lake apigie picha za mchezo wa runinga kuhusu posa. Kajuju angekuwa mchumba, yeye mposaji. Kailemia, kaka yake Cicily na msemaji wa nyumba tangu mumewe afariki, angeigiza baba. Cicily alikubali kwa sharti kwamba waupake rangi ukuta wake wa mbele. Afadhali amchunguze mtu huyo uani kwake kuliko akutane na Kajuju vichakani.

Mwelekezi wa mchezo alileta majani ya mparachichi yaliyofungwa kamba, yaigize miraa ya posa. Kailemia akayatupa. "Posa na chakula cha mbuzi? Mnataka wazee wenzangu wanicheke?" Ikabidi miraa halisi itoke Maua, ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba kama inavyopelekwa kwa wakwe. Gitobu akaikabidhi kwa mikono miwili. Kailemia akaifungua, akatafuna, akawagawia wazee.

"Imetosha! Kamera imezimwa," mwelekezi akasema.

"Zima yako," Kailemia akajibu, akitafuna. "Mimi ni mjomba wa huyu msichana kwa kweli. Posa imepokewa."

Wazee wakaitikia.

"Na mimi nimekubali," Kajuju akasema, "kama kuna anayeuliza."

Cicily akamvuta Gitobu nyuma ya jikoni. "Ulipanga haya?"

"Hapana, mama."

"Simuulizi mwigizaji, namuuliza kipa. Mpira uliacha kwa nini?"

Gitobu akakuna kidevu. "Kila mechi niliomba mpira usinifikie. Nikaona nitazeeka nikiomba kazi isinipate."

Jibu lilikuwa zuri mno, Cicily hakulinunua. Lakini miraa iliyokwisha kutafunwa hairudishwi. "Basi posa isimame. Ila picha hizo zifutwe zote. Mwanangu haposwi ili watu wacheke."

Gitobu akaduwaa. Picha hizo ndizo alizoahidi kupeleka kituo cha runinga, na nafasi yake ya msimu mzima ilizitegemea. Akamtazama Kajuju akiwamiminia wazee chai, kisha akamwendea mwelekezi. Cicily alisimama nyuma yao mpaka zikafutika.

Kituo kilimpa mwingine nafasi ile. Siku hizi Gitobu huigiza kwenye sherehe za shule, na Kajuju ni mkewe. Cicily alipata rangi ya ukuta, na mkwe ambaye kila akimsalimia kwa tabasamu, yeye humtazama mikono, si uso, asijue bado kama iliwahi kuachia mpira kwa pesa.