Kitufe cha Honi

Tulipohama mtaa wa Olympic, Kibera, tukaja kukaa Kabiro, Kawangware, watu walidhani nitasumbuliwa na shule mpya. Shule ni shule. Unaketi nyuma, unaandika, kengele inalia, unaenda nyumbani. Kilichonisumbua ni saiba.

Kule Kibera kulikuwa na saiba ndogo ya kompyuta sita za kulipia kwa saa, hatua chache kutoka nyumba yetu ya zamani, na mbili za mwisho zilikuwa zimepangwa bega kwa bega ukutani. Hapo ndipo mimi na rafiki yangu tulipokuwa tunaketi kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, tukiendesha malori. Ni mchezo wa malori tu. Unachukua mzigo mahali, unaupeleka mahali pengine, barabara ndefu za Ulaya, theluji, misitu, na hakuna mtu wa kuua. Wavulana waliokuwa wakicheza mpira kwenye kompyuta za mbele walitucheka.

"Hawa madem wanalipia kufanya kazi ya watu."

"Na bado mnafungwa," rafiki yangu alikuwa anawajibu bila kugeuka. Tuliendelea kupeleka mbao zetu.

Nikisema ukweli, niliupenda ule mchezo kwa sababu ndani yake niliweza kuongea. Mtu akinikalia uso kwa uso, maneno yananikauka. Lakini mkiwa mnaangalia mbele nyote wawili, mtu anaweza kusema kitu kikubwa, halafu kabla hakijaanza kuuma anasema, "Chunga kona." Ndivyo rafiki yangu alivyoniambia kwamba baba yake amerudi Kisumu na hajasema kama atakuja tena. Alisema, akapunguza mwendo, akapita daraja. Na mimi nikamwambia kwamba tangu kidato cha kwanza sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata nikijua jibu.

"Najua," akasema. "Nakuonanga."

Tulikuwa na lugha ya honi pia. Mbili fupi maana yake uko sawa? Na unajibu kwa mbili. Moja ndefu, simama kando. Kitufe cha honi tulikihamisha wenyewe, tukakiweka kwenye Alt, ile iliyo ubavuni mwa kile kitufe kirefu cha nafasi, kwa sababu kidole gumba cha kushoto kinaifikia bila vidole vingine kuacha herufi za kuendeshea. Baada ya mwaka mmoja sikuwa nafikiria tena. Akipiga mbili, kidole changu kinajibu chenyewe.

Halafu Mama akapata kazi ya kupika katika shule moja huku Kawangware, na tukahama. Kwa miguu si mbali, ila kwa Mama ni mbali. Jumamosi ziliisha hivyo.

Rafiki yangu alituma ujumbe kwa simu ya Mama. "Huo mchezo unaweza kuchezwa na mtu akiwa popote. Tafuta mashine. Usipotafuta nitajua umepata wenzako wa huko."

Wenzangu wa huku hawakuwepo. Wiki tatu darasani, na msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa bado ananiita "wewe". Nilikuwa na rafiki mmoja duniani, na huyo mmoja alikuwa ananiambia nitafute mashine.

Mashine ilikuwepo nyumbani. Dada yangu anatengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na picha, na kadi za harusi, na anafanya hiyo kazi kwa kompyuta ya Mac aliyoinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine, yenye kovu kwenye kifuniko. Haiguswi ovyo. Nilijipa moyo siku mbili ndipo nikamwambia. Alicheka.

"Hii ni Mac, madam. Huo mchezo wako ni wa Windows. Hata ukiuomba kwa magoti haufunguki."

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu dada yangu hakuwezi. Jioni akaniambia, bila kuniangalia, kwamba Jumatano anapita mtaa wa Satellite na anaweza kumwuliza fundi wa kompyuta.

Nilienda naye. Fundi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye bisibisi sikioni kama kalamu. Aliigeuza ile Mac, akasoma maandishi madogo ya chini, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Una bahati hii ni ya zamani. Hizi mpya zinakataa. Hii tunaigawanya tu kama ploti. Upande huu anakaa Mac, upande ule tunamweka Windows. Ukuta katikati. Hawaonani, hawasalimiani. Ukiwasha, unashikilia kitufe hiki hapa, unachagua mlango wa kuingia."

"Na kazi zangu?" dada yangu akauliza.

"Ziko kwa Mac, siz. Huyu mwingine hata hazioni."

"Huyu mwingine asije akajenga choo upande wangu."

Basi nikawa mpangaji. Ndilo jina alilonipa dada yangu, na masharti yalikuwa mawili. Niingie chumba changu Jumamosi mchana tu, na nisome kila programu yake kabla haijachapwa, nitafute makosa. Hilo la pili lilikuwa zawadi. Kusoma kimya kimya majina ya wajukuu wa watu na kugundua kwamba "marehemu" imeandikwa "maremehu", hiyo kazi nilizaliwa nayo.

Jumamosi ya kwanza niliingia mchezoni saa nane kasoro dakika chache. Rafiki yangu alikuwa tayari bandarini, lori lake jekundu limeegeshwa kwenye theluji. Nikaandika, "Nimefika."

"UMEFIKAAA," akaandika. Halafu akapiga honi mbili.

Kidole changu kikajibu. Skrini ikapepesa, mchezo ukaporomoka, ikatokea menyu kubwa iliyojaa vitu nisivyovijua. Feni ya mashine ikaanza kuvuma. Niliporudi mchezoni, rafiki yangu alikuwa bado ananingoja. Tukaondoka. Mbele kidogo akapiga tena mbili, nikajibu, na tena skrini ikapepesa, nikatupwa nje. Safari hii nilirudi nikakuta lori langu limelala mtaroni.

"Uko sawa?" akaandika.

"Niko."

Ndilo neno pekee nililoandika. Ningemwambia kwamba mashine inanitupa nje. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuogopa, kwa sababu mle ndani, upande wa pili wa ukuta, kulikuwa na programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Riruta, picha zake arobaini, na familia ilikuwa inaingoja Jumatatu. Nilikuwa na hakika kila ikipepesa kuna kitu ninakivunja. Mara ya tatu alipopiga honi, nilijibu, nikatupwa nje, na sikurudi. Nikaizima mashine, nikaipangusa kwa kanga ya Mama, nikaiacha mezani kama sijaigusa.

Jioni ujumbe ukaja. "Nakupigia honi unaninyamazia? Halafu unaenda tu hivyo. Kama hutaki kuongea na mimi sema. Ni sawa."

Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Niliusoma mara nyingi. Nikaufuta kwa simu ya Mama ili Mama asiuone, na sikujibu. Si kwamba sikuwa na la kusema. Lilikuwa refu mno, na kadiri siku zilivyopita lilizidi kuwa refu, kwa sababu sasa ilinibidi nieleze pia kwa nini nilikaa siku zote hizo bila kueleza. Programu ya mzee ilichapwa vizuri, haikuwa na kosa. Hata hilo halikunifungua mdomo.

Ijumaa dada yangu akaweka kikombe cha chai mbele yangu.

"Mpangaji. Umehama?"

"Hapana."

"Kesho ni siku yako na sioni ukinyoosha vidole. Chumba kina kunguni?"

Nikalia, jambo ambalo sikulipanga. Nikamwambia yote, nikiangalia chai. Kwamba naharibu mashine yake. Kwamba rafiki yangu anadhani simtaki. Hakunipapasa mgongo, si mtu wa hivyo. Aliiwasha Mac, akafungua mlango wangu, akavuta stuli.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nikaendesha kidogo, nikapiga honi, skrini ikapepesa, menyu ikatokea. Akaniambia nirudie. Nikarudia, naye safari hii hakuangalia skrini, aliangalia kidole changu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"We mtoto. Hiyo si Alt! Kwa kibodi ya Mac hapo ni mahali pa kitufe kingine, na upande wa Windows kazi yake ni kuita hiyo menyu. Alt ni hii inayofuata, kushoto. Umekuwa ukipiga honi unaitwa ofisini."

"Sijaharibu?"

"Utaharibuje kwa kufungua menyu?"

Nikaweka kidole kwenye kitufe kinachofuata. Honi ikalia. Ilikuwa kitufe kimoja tu, upana wa ukucha wangu. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, labda kwa dakika moja.

"Haya, mwambie beshte yako," dada yangu akasema.

"Nitamwandikia."

"Andika basi."

Niliandika, nikafuta, nikaandika. Kila sentensi ilionekana kama uongo wa mtu aliyekaa wiki nzima akiutafuta. Nani ataamini kwamba ni kitufe?

Jumamosi saa nane niliingia mchezoni. Bandarini kulikuwa na malori ya watu wengine, na lake halikuwepo. Saa nane na nusu, bado. Nikachukua simu ya Mama iliyokuwa inachajiwa dirishani. Sijawahi kumpigia mtu simu bila kutumwa. Nilibonyeza jina lake na nikatamani asishike.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Akasema kwa sauti ya hofu kabisa, "Wewe? Unapiga simu? Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni Alt."

"Ni nani?"

"Alt. Kitufe cha honi. Kwa Mac hakiko pale. Nilikuwa nabonyeza kingine. Kila ukipiga mbili, mimi nikijibu natupwa nje ya mchezo. Nilidhani nimeharibu mashine ya siz, nikaizima. Nikaogopa. Halafu nikaogopa kukuambia niliogopa."

Sijui nilipumulia wapi. Nyuma yake nilisikia maji na ndoo ikiburutwa.

"Ngoja. Kwa hivyo ulikuwa unajibu?"

"Kila mara."

"Manze. Mimi nilidhani umepata watu."

"Watu gani? Tangu tuhame nimeongea na watu watatu, na mmoja ni fundi."

Alicheka, lakini alipomaliza kucheka sauti yake ilirudi chini. "Ungesema hiyo Jumamosi. Wiki nzima, wewe. Nilikuwa napita hapo saiba nikiangalia viti vyetu. Baba hasemi, na wewe pia husemi."

Hiyo ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu hakukuwa na kona ya kumwambia achunge. Nikasema, "Pole." Nikasema tena, "Pole sana." Nikangoja. Hapo zamani ningekata simu na kusema chaji imeisha.

"Sawa," akasema mwishowe. "Usinifanyie hivyo tena."

"Sitafanya. Unakuja saiba?"

"Nafua sare. Nikimaliza nikute bandarini, na upige honi kama mtu."

Nilidhani mazungumzo yameisha, nikaanza kutafuta neno la kuagia. Lakini alikuwa ameshaniuliza huyo ninayekaa naye dawati moja anaitwa nani, na nikagundua simjui jina, na tukaanza kumsema, mimi nikiwa nimesimama dirishani, nikitazama nguo za jirani, nikisema mambo kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Maliza kufua basi," nikamwambia baadaye. "Nitakungoja."

"Usikate," akasema. "Nimebakisha soksi."

Sikukata.