Somo la Turbo kwenye Spika

Naandika haya uso bado unaniwaka. Mimi ni fundi magari hapa Nachingwea, na wiki iliyopita nilihudumia Fuso ya Hamisi, aliyekuwa anakwenda Njombe kufuata viazi. Siku ya Jumanne Hamisi akanipigia. Gereji ilikuwa na wateja, nami kwa kujishaua nikaweka simu kwenye spika.

"Fundi, huko kwetu gari lilivumilia, lakini huku milimani halina nguvu kabisa."

"Ndugu yangu, huko juu hewa ni nyepesi," nikasema, nikiwageukia wateja. "Injini inakosa pumzi. Ndiyo maana kuna turbo, inaishindilia hewa ya kutosha. Yako imekufa. Nunua nyingine."

Wateja wakaniangalia kwa heshima. Mama Somoe, mteja mpya kutoka Ruangwa, hata akatabasamu.

"Turbo ni nzima," Hamisi akajibu taratibu. "Fundi wa huku anasema mpira unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini umechomoka. Uliufungua wewe wiki iliyopita, hukuukaza."

Nikatafuta pa kuzima spika, nikapakosa. Mama Somoe alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mwanangu, naomba ufunguo wa gari langu."