Alikokwenda Yudith Asubuhi

Surua iliingia Shume mwaka 1966, na ndani ya wiki moja Hezekia na mkewe Yudith wakawazika watoto wao wote wawili, Tobia na Esta. Mchungaji alikuja, majirani wakaleta ndizi na kuni, wakakaa siku zao, wakarudi makwao. Yudith hakulia mbele yao. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba hata kusema ameacha. Alikuwa akikaa jikoni moto umezimika, maharage yamepoa mbele yake. Wanawake wakaacha kumwita Mama Tobia, wakidhani wanamsitiri. Hezekia peke yake ndiye aliyeendelea kumwita hivyo.

Alimpeleka zahanati, akapewa vidonge vya usingizi. Ndugu wakataka apelekwe kwa mganga kule Magoma. Hezekia alikuwa bado anafikiri, asubuhi moja akaamka mkewe hayupo. Alimfuata kwa nyayo zake kwenye umande mpaka ndani ya msitu wa asili, kando ya kijito, penye mikulo, ile miti mikubwa ambayo mbao zake hunukia kafuri. Yudith alikuwa ameketi kati ya mizizi, miguu ndani ya maji, anasema. Alikuwa akiwasimulia watoto, kwa Kishambaa, habari za mbuzi wa jirani aliyekula shuka.

Hezekia hakumwita. Alirudi kimya kimya. Siku hiyo Yudith alipika, wakala.

Tangu hapo akawa anakwenda kila asubuhi. Polepole akaanza kuitikia salamu, hata kanisani akaonekana. Wapo waliosema anaongea na mashetani. Na vijiji vya ujamaa vilipoanza, Athumani, balozi wa nyumba kumi, alifika kueleza kwa upole kwamba wenzake Yudith wako shamba la pamoja tangu alfajiri, yeye anatokea jua limeshapanda. Hezekia aliomba alime yeye mwenyewe sehemu ya mkewe, jioni, akitoka kazini.

"Akitoka huko ni mtu," alisema. "Asipokwenda, sina mke."

Athumani hakulirudia tena neno hilo.

Kazi ya Hezekia ilikuwa kukata miti ya serikali. Msitu wa asili ulikuwa ukifyekwa, ipandwe misindano, miti ya kigeni inayokua upesi, na mwaka 1972 mpango ukafika kijitoni. Hezekia alikwenda ofisini kwa Bwana Misitu, kijana mpole aliyetoka chuoni karibuni, akavua kofia, akaomba ibakizwe mikulo kumi tu ya pale majini. Kijana akaeleza kwamba ramani imeshapitishwa, na taifa linahitaji mbao. Kisha akauliza, "Kwa nini hiyo kumi, mzee wangu?"

Hezekia alikuwa na jibu. Lakini makarani wawili walikuwa wameinua vichwa kusikiliza, naye akaona aibu kulitaja gonjwa la mkewe mbele yao.

"Basi tu," alisema, akatoka.

Jioni alimwambia Yudith kwamba wiki ijayo wanaanza kule kijitoni.

"Na wewe umo?"

"Nimo, Mama Tobia."

"Basi msiuache mti ukining'inia kwenye mwingine. Uanguke mara moja."

Siku ya tatu ya kukata Yudith alitokea saa yake ileile. Wanaume wakaweka misumeno chini. Alikaa kidogo juu ya kisiki, akainuka, akarudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata hakutoka.

Hezekia alijaribu. Jumapili baada ya ibada alimtembeza mwendo mrefu mpaka msitu wa Magamba, ambako miti ilikuwa bado imesimama. Yudith alikwenda bila kukataa, akakaa alipoonyeshwa.

"Ni pazuri," alimwambia. "Ila watoto hawapajui."

Akarudi kwenye ukimya wake. Baridi ya Julai 1974 ilimkuta amekonda, homa ya mapafu ikamchukua kwa siku nne.

Hezekia alimaliza mwaka akipanda misindano, pale kijitoni pia, kisha akaacha kazi, akalima kabichi. Bwana Misitu alimfuata mwenyewe hadi shambani, akamwomba arudi awe mnyapara. Hezekia alimkaribisha kiti, akamchemshia chai, akamwambia mabega hayawezi tena msumeno. Kijana akampa pole ya mabega. Alipoaga, Hezekia alimkatia kabichi mbili, akamsindikiza hadi njiani.