Kumtoa Shangazi Edani

Shangazi yangu Tatu wa Bariadi alifiwa na mumewe wakati wa korona. Hatukwenda, tulituma pole kwa simu, basi. Eda yake ya miezi minne na siku kumi ikaisha, na hakuna mwanamke wa kwetu aliyekwenda kumwogesha, kumfukiza udi na kumvisha nguo mpya. Kisheria alikuwa huru, ila akabaki ndani na nguo zake nyeupe, duka limefungwa. Miezi mitatu baadaye nikajiteua kwenda kumtoa. Kimbelembele changu nakijua.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi Mwanza, nimebeba gauni la zambarau, udi, marashi na hina. Tulipita Magu, na Lamadi tukakunja kulia. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani. Nilitafuna mahindi ya kuchoma huku nikiwaza nitakavyosifiwa.

Saa nne nilifika. Jirani yake, mama mkulima wa Kisukuma, alikuwa uani.

"Mwangaluka, mayu," nikajitutumua kusalimia.

"Mwangaluka," akajibu, akicheka lafudhi yangu. "Umechelewa sana, mwanangu. Mimi nilikuwa namwekea chakula dirishani tu, naogopa kuingia."

Ndani, Shangazi aliniacha nitandaze vitu vyote mkekani. Kisha akasema taratibu, "Zuhura, unataka kunitoa. Nani aliingia nami?"

Nikajitia kupanga marashi mkekani, mimi!

"Mume wangu walimbeba watu wanne, nikachungulia dirishani. Nililia, nikajibembeleza mwenyewe."

Aibu ilinishika. Nikakunja gauni, nikakaa naye chini, tukalia. Nilikuwa nimeaga kwetu kwa siku moja, kilio peke yake kikachukua tatu. Alisimulia tangu kikohozi cha kwanza hadi mazishi, na alipomaliza akaanza upya. Jirani alileta michembe, viazi vile vilivyokaushwa, na safari hii akapita mlangoni. Ni Mkristo yule, hajui eda, ila alilia kuliko mimi.

Siku ya nne asubuhi Shangazi akasema, "Haya, chemsheni maji."

Tukamwogesha, tukamfukiza. Gauni lilimbana kiunoni, akanisema mpaka nikakoma. Jioni alifungua duka.

Niliporudi Mwanza sikwenda nyumbani moja kwa moja. Rafiki yangu Salma alifiwa na baba yake kipindi kilekile, nami sikuwahi kukanyaga kwake. Nikabisha hodi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Nimekuja kukaa," nikamwambia. "Nihadithie habari za baba."